Vijana Wetu na Kazi ya Kujitolea Nchi za Ng'ambo

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya halmashauri katika mkutano wa tawi, wanachama wakiwa pamoja na vijana wao.)

Bwana Mwenyekiti, ndugu wanachama, mama zetu mliokuja, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango,

Neno letu la leo ni moja, nalo ni ile barua iliyomfikia mwandishi wa tawi mwezi uliopita. Wengi wenu mmekwisha kusikia habari zake, maana katika landi zetu habari hutangulia gari. Barua yatoka kwa watu wafanyao biashara ya kupeleka vijana nchi za mbali. Wasema watawachukua watoto wetu wa miaka 18 hadi 25 kwa majuma manne, wakafanye kazi ya kujitolea ugenini, wajenge, wafundishe watoto wadogo, kisha wapande mlima na kushuka mto kwa mashua. Malipo yake ni zaidi ya mshahara wa miezi mitano wa mtu wa genge. Nao kwa kujua ya kuwa hatuna fedha hiyo, waomba chama kikubali ikatwe katika mishahara ya wazazi, kidogo kidogo, miaka miwili.

Vijana watatu wamekwisha kuandika majina yao, wavulana wawili na binti mmoja. Baba wa mmoja wao alikuja kwetu jioni akasema, "Nikikataa, mtoto ataona ni mimi niliyemfungia dunia." Maneno hayo yalitukaa moyoni. Hatukuja hapa kuwacheka vijana kwa kutaka kutembea. Kijana asiyetaka kuona ng'ambo ya mto ana ugonjwa. Lakini fedha itakayokatwa ni ya unga na ya karo za wadogo zao, kwa hiyo tuligawana kazi ya kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na reli, maana hiyo twaijua.

Mwaka 1947 nchi iliyoitwa Yugoslavia ilikuwa imetoka vitani miaka miwili tu, na mambo yake mengi yalikuwa yamevunjika. Mji wa Sarajevo, ambao leo ni mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, ulikuwa na reli nyembamba tu, upana wake milimita 760. Hii yetu ya zamani ya mita moja ni pana mbele yake. Serikali yao ikaamua kujenga reli ya milimita 1,435, upana ule ule wa reli yetu mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, kutoka Šamac kando ya mto Sava, kupanda bonde la mto Bosna, mpaka Sarajevo. Ni karibu kilomita 240. Kazi ilianza Aprili 1947 na ikafunguliwa Novemba mwaka huo huo. Ninyi wa genge hesabuni wenyewe. Ni kama kilomita moja kila siku, na tuta na madaraja ndani yake.

Walioijenga walikuwa vijana wa kujitolea. Wa nchi yenyewe walipita 200,000, wakija kwa zamu, kundi likitoka na kundi likiingia. Na pamoja nao walikuja vijana wa kigeni zaidi ya 5,000 kutoka nchi nyingi. Katika Waingereza waliokwenda alikuwamo kijana wa miaka 23, mwanafunzi aliyetoka jeshini, jina lake E. P. Thompson. Mwaka 1948 alikusanya maandiko ya wenzake yakawa kitabu juu ya reli ile, na katika jina la kitabu wakaiita kazi yao safari ya ujasiri. Huyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa historia, akaandika mwaka 1963 kitabu kikubwa juu ya wafanya kazi wa Uingereza na jinsi walivyojitambua kuwa kundi moja. Twafikiri sururu ilimfundisha kitu.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe ilivyopangwa, maana hapo ndipo penye shauri letu. Kijana mgeni alipofika hakuambiwa, "Haya, jenga daraja." Alipewa sururu, beleshi na toroli la gurudumu moja, akaonyeshwa udongo wa kutoa hapa na kupeleka pale. Kujaza tuta na kuvunja mawe kwataka mikono mingi, na mkono usio na ujuzi waweza kufaa siku ya pili au ya tatu, malengelenge yakikubali. Kupima njia kulikuwa kwa wahandisi. Palipokuwa na mlima, kama pale Vranduk, palitobolewa kwa baruti, na mambo hayo yalisimamiwa na watu wa ufundi. Kila mtu wa genge aliye hapa ajua sababu. Mtu mpya aweza kubeba kokoto siku ya kwanza, lakini kuishindilia chini ya mataruma hata njia ikae sawasawa, hilo halijifunzwi kwa juma moja, na nyapara atakayemwachia mgeni kazi hiyo bila kumtazama atakutana na gari lililoacha njia.

Baada ya kazi kulikuwa na masomo kambini. Wengi wa vijana wa vijijini waliokuja hawajui kusoma waliondoka wakijua, na wengine waliondoka na kazi ya mikono. Wenyewe walikuwa na msemo kwamba wao wajenga reli na reli yawajenga wao.

Si kwamba kila kitu kilikuwa asali. Nchi ile ilitawaliwa na chama kimoja, na wako wasomi wasemao kwamba kujitolea kwingine kulikuwa kwa kusukumwa, maana aliyebaki nyumbani alitazamwa kwa jicho jingine. Hatuwaambii mwige siasa yao. Na hata sisi tusisahau kwamba reli iliyotuzaa ilijengwa na wageni pia. Kati ya mwaka 1896 na 1901 waliletwa kutoka Bara Hindi watu zaidi ya 30,000 kwa mkataba, na kama 2,500 wakafa. Hao nao walivuka bahari wakiwa vijana, wakalala katika mahema, wakasikia simba usiku huko Tsavo. Hakuna aliyewaambia kwamba ile ilikuwa safari ya ujasiri, wala hawakulipa nauli ili waipate.

Lakini katika reli ya Sarajevo tumeona jambo moja ambalo twataka mlishike. Kazi ilikuwako kabla ya mgeni. Kama Waingereza wale wasingalikuja, reli ingalijengwa vile vile. Walikuta watu wa nchi wamekwisha kushika sururu, wakasimama kando yao, chini ya msimamizi yule yule. Hakuna aliyekaa ofisini kuwatafutia kazi ili wapate ya kufanya.

Sasa linganisheni na ukuta wa shule moja ambayo hatutaitaja, mnaijua. Mwaka jana walikuja vijana wa ng'ambo, majuma mawili, kujenga chumba cha darasa. Tuseme kweli juu yao, walikuwa watoto wenye adabu. Walisalimu wazee, walikula ugali na sukuma wiki bila kukunja uso, na siku ya kuondoka wengine walilia. Lakini wale waliowaleta hawakuweka fundi wa kuwasimamia. Hapakuwa na timazi wala pima maji. Waashi wawili, majirani zetu, walikuwa wamekaa nje ya ua bila kazi wakitazama mawe yakipandishwa mshazari. Wageni walipokwisha kwenda, waashi hao waliitwa wakaangusha mistari mitatu na kuijenga upya, wakalipwa siku mbili. Nauli ya ndege ya kijana mmoja ingaliwalipa waashi watatu mwezi mzima. Hatuwalaumu vijana kwa hilo. Wao waliuziwa kazi, kama watoto wetu wanavyotaka kuuziwa sasa.

Na shauri hili si geni katika vyama vya wafanya kazi. Mwaka 1920, baada ya vita vikuu vya kwanza, Mswisi mmoja aitwaye Pierre Cérésole alikusanya watu wachache wa nchi mbalimbali, na Wajerumani wakiwamo, wakaenda Esnes, kijiji cha Ufaransa karibu na Verdun ambacho vita vilikuwa vimekifanya vumbi. Wakajenga vibanda, wakasafisha mashamba. Kazi iliisha mwaka 1921, maana kuona Wajerumani pale mapema namna ile kulikuwa kugumu kwa watu wa mahali. Hata hivyo jambo lile lilikua, likawa chama cha utumishi wa kimataifa ambacho kipo mpaka leo.

Mwaka 1931 wafuasi wa jambo hilo walikwenda Brynmawr, mji wa makaa ya mawe huko Wales. Wanaume wengi wa mji ule walikuwa hawana kazi. Wakristo wa madhehebu ya Quaker walikuwa wamekwisha kuingia hapo tangu 1928 wakitafuta njia za kuwasaidia. Basi wakaja wanafunzi na wageni, wakafanya kazi pamoja na wenyeji wasio na kazi, wakatengeneza bustani na bwawa la kuogelea. Mtadhani mji wote ulishangilia. Hapana. Watu wa chama cha wafanya kazi pale walipinga kwa nguvu. Walisema, kama mji wahitaji bwawa, na uchimbe kwa mshahara wa haki, maana hapa pana wachimbaji waliozaliwa na koleo mkononi na watoto wao wana njaa. Mtu akichimba bure leo, kesho mwajiri atauliza kwa nini alipe.

Tulipoyasoma hayo katika halmashauri tulibishana mpaka taa ya stima ilipozimwa. Wengine walisema wale wa chama walikuwa na roho ngumu, maana fedha ya kulipa haikuwako, na bwawa ni bora kuliko kukaa kizingitini. Wengine walisema njaa ya mtu isifanywe sababu ya kumtumia bure. Hatukupatana, nasi hatuoni haya kuwaambia. Lakini wote tulikubali kwamba swali lao lilikuwa swali la haki, na kwamba wale walioleta barua kwetu hawajaliuliza hata mara moja. Tuliwaandikia kuuliza: huko mtakakowapeleka vijana wetu kujenga, je, hakuna waashi? Walijibu kwa karatasi yenye picha za milima.

Sasa juu ya hiyo milima. Kijana akitaka ujasiri, hatumkatazi. Waingereza walikuwa na mpango ulioitwa Operation Drake, kutoka mwaka 1978 hadi 1980, vijana wa nchi nyingi wakizunguka dunia kwa jahazi la matanga liitwalo Eye of the Wind, na Kenya ilikuwa mojawapo ya mahali walipofanya kazi. Mwaka 1984 ukafuata Operation Raleigh, ambao baadaye uliitwa Raleigh International, ukapeleka maelfu ya vijana porini na vijijini kwa miaka mingi, nao walitakiwa kujitafutia michango ya safari yao. Shirika hilo la hisani lilifunga kazi zake Mei 2022. Wengi waliopita humo wasema walitoka watu wengine, nasi twaamini. Kulala kwenye mvua na kugawana maji na mtu usiyejua lugha yake kwamjenga kijana. Lakini safari na iitwe safari. Mtu akienda kupanda mlima kwa fedha yake, ni furaha yake, apande. Akija kwetu kutaka mshahara wa baba ukatwe kwa sababu mtoto aenda "kusaidia maskini", hapo twataka kujua ni maskini yupi, na aliomba nini.

Juu ya kufundisha watoto wadogo twasema kwa ufupi, lakini kwa ukali. Barua yataja nyumba ya mayatima. Sisi Wakenya twajua mambo hayo. Mwaka 2017 serikali yetu ililazimika kusimamisha kuandikisha nyumba mpya, maana zilikuwa zimezidi, na katika nchi nyingi imeonekana kwamba watoto wengi wanaokaa humo wana mzazi aliye hai. Palipo na mgeni wa kulipa ili acheze na yatima, atapatikana mtu wa kumtafutia yatima. Na mtoto anayekumbatiwa na mtu mpya kila mwezi kisha huachwa, huyo amefanyiwa nini? Kijana wetu asiende kufanya katika nchi ya wengine jambo ambalo hapa tungelikataa kwa watoto wetu.

Sasa ninyi vijana mwasema moyoni, wazee hawa wamekuja kufunga mlango. Ngojeni.

Iko njia ambayo anayekwenda halipi. Waingereza walianza mwaka 1958, Bwana Alec Dickson na mkewe Mora, kupeleka vijana waliomaliza shule kwenda kutumikia nchi nyingine. Baada ya miaka michache waliona kwamba wenyeji wataka zaidi watu wenye kazi mikononi, wauguzi, walimu, mafundi, wakageuka wakatafuta hao. Hata Nairobi shirika lao lilikuwa na tawi liitwalo Jitolee, lililopeleka Wakenya wenye ujuzi nchi za nje. Kwa hiyo msidhani kujitolea ni kwa Mzungu kuja hapa tu.

Na Wajerumani wana mpango wa serikali yao uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kupeleka vijana wao nje. Baadaye ulifunguliwa mlango wa pili, vijana wa nchi zile waende Ujerumani, wa miaka 18 hadi 28, kwa kawaida mwaka mzima. Hufanya kazi katika nyumba za wazee, shule za watoto wadogo, na kwa watu walemavu. Hupewa malazi, chakula, bima na fedha kidogo ya mfukoni. Si mshahara, na mtu asiende akidhani atatuma fedha nyumbani. Tena ni lazima ajifunze Kijerumani, na kuna kungoja, na kuna kukataliwa viza. Lakini jambo lililotupendeza sisi watu wa chama ni hili. Sheria yao ya mwaka 2011 juu ya kujitolea yasema kazi hiyo ipangwe isidhuru soko la kazi, maana yake mtu wa kujitolea asiwekwe mahali pa mfanya kazi wa mshahara. Swali la watu wa Brynmawr limeandikwa katika sheria. Kama yafuatwa kila mahali hilo ni neno jingine, lakini limeandikwa, na mtu aweza kulishika mkononi na kudai.

Binti aliyeandika jina lake katika wale watatu anasoma kuchomelea vyuma. Twamwambia mbele yenu wote: mama, maliza cheti chako kwanza. Ukienda ukiwa na kazi mkononi, utakuwa mtu wa kuombwa, na msimamizi atakuuliza maoni. Wavulana wawili hawajashika ufundi, lakini mmoja amemwuguza babu yake miaka mitatu na sisi majirani tumemwona. Huyo nyumba ya wazee haitamshinda.

Basi, Bwana Mwenyekiti, halmashauri yaleta maombi yake. Twaomba tawi likatae kukata mishahara kwa ajili ya safari iliyotajwa katika barua, na mwandishi aandike hivyo kwa lugha ya adabu. Twaomba pia kwamba halmashauri iruhusiwe kutumia fedha kidogo ya hazina, si zaidi ya nauli na karatasi, kuwasaidia vijana hawa watatu na wengine watakaokuja kuuliza habari katika njia zile ambazo msafiri halipi, na kumlipia karo ya miezi mitatu ya Kijerumani yule atakayekubaliwa kuandikisha. Na juu ya ile shule, twaomba wajumbe wawili waende kwa mwalimu mkuu kabla ya wageni wengine kufika, wakamwambie kwa upole kwamba vijana wakija tena na wakaribishwe, wabebe mawe na wachanganye simiti, lakini ukuta uwe mkononi mwa mwashi wa hapa, naye alipwe.

Hili la mwisho mzee mmoja wa halmashauri hakulipenda, akasema tutaonekana twafukuza baraka. Yuko hapa, na twaomba apewe nafasi aseme mwenyewe kabla ya kura.

Barua iko mezani kwa mwandishi pamoja na majibu yao na zile picha. Anayetaka kuisoma apite sasa, maana wa zamu ya usiku waingia kazini saa mbili, na kura yao twaihitaji.